Kabla hujaenda kuangalia pomboo na kasa Mombasa: mambo ya kuzingatia

Kwanza, sili msahau. Wale unaowaona kwenye video wakiota jua juu ya mawe ni wanyama wa bahari zenye baridi. Wako Namibia na Afrika Kusini, si huku kwetu. Pwani ya Mombasa kuna pomboo, kasa, taa (yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani), pweza, na kwa msimu wao nyangumi na papa potwe. Nguva ameadimika mno, na yeyote anayekuahidi kwamba leo utamwona anataka pesa zako tu.

Chagua msimu. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari hutulia na maji huwa maangavu. Anayetaka kuzamia aone kasa na samaki wa mwambani aende wakati huo. Papa potwe naye huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi. Nyangumi wenye nundu huja wakati wa kusi, kuanzia Julai hadi Septemba hivi, wakitoka Antaktika kuja kuzaa kwenye maji ya joto. Na kusi ina mawimbi. Kama tumbo lako halivumilii bahari, meza dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda boti. Ukingoja kichwa kianze kuzunguka umechelewa.

Majaketi ya kuokoa maisha yawe ya kutosha watu wote, na ya watoto yawe ya watoto. Nahodha akikwambia yako chini ya kiti, mwambie ayatoe muyavae kabla ya nanga kung'olewa. Hana? Shuka, hata kama umeshalipa amana.

Hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986, iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na ina kiingilio. Lipa mapema, weka risiti. Beba maji ya kunywa, kofia, shati la mikono mirefu. Viatu viwe vya soli ngumu vinavyofunga mguu; ndara ziache kwenye mchanga.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Si lazima upande boti ili uone viumbe wa bahari. Maji yakipwa unatembea kwa miguu mpaka mwambani, ukaona viti vya pweza, majongoo ya bahari, kaa, mkunga anachungulia kwenye tundu lake. Ni raha kubwa. Lakini hakuna anayepaswa kwenda huko bila kujua saa ya maji. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku moja mbili baada ya hapo, ni bamvua: maji hutoka mbali sana na kurudi kwa nguvu, tofauti ya kina ikizidi mita 3. Siku hizo, hapa Mombasa, kupwa kwa mchana hufika mwisho wake kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kila siku saa inasogea mbele kwa kama dakika 50. Baada ya hapo maji huchukua takriban saa sita kujaa, na hayajai kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza ni polepole, huoni kitu. Saa ya tatu na ya nne peke yake huingiza nusu ya maji yote.

Pale Nyali niliona familia moja, wageni kutoka bara, baba, mama na watoto wawili. Walikuwa wamefika mwambani kwa raha zao, maji yakiwa ya magotini, na kule ukingoni wakamwona kasa. Anainua kichwa, anapumua mara moja kwa sauti unayoisikia, anazama, anatokea tena mbele kidogo. Nani angeondoka? Wakabaki wanapiga picha. Pale juu ya mwamba miguu yao ilikuwa mikavu, wakaona wako salama. Mvuvi mzee aliyekuwa akishona nyavu karibu nami akasimama, akaweka mkono juu ya macho, akasema, "Maji hayaji usoni, mwanangu. Yapita nyuma."

Na ndivyo yanavyokwenda. Mwamba umeinuka. Kati yake na ufuo kuna mkondo wenye kina kuliko pale uliposimama, nao hujaa kwanza. Walipogeuka, njia waliyopitia ilikuwa imefika kifuani kwa baba. Mtoto mdogo mabegani, mkubwa ameshikwa mkono na mama, na mawimbi yanawasukuma pembeni hata hawajui wanakanyaga wapi. Mama akakanyaga michoma guu, wale wa miiba mirefu myeusi, ndara moja imeshachukuliwa na maji. Tulimsikia kutoka ufuoni. Mzee na kijana wake wakashusha mtumbwi. Alipowafikia hakupiga kelele, alisema tu, "Baba, nipe mtoto kwanza." Walirudi wote, alhamdulillahi, lakini yule mama alibebwa, na wayo wake ulikuwa na vijiti vyeusi vilivyokatikia ndani.

Kwa hiyo: toka na maji yanayopwa, na geuka kabla hayajafika mwisho. Kasa akitokea wakati huo, mwache. Muulize mvuvi saa kabla hujaingia, na umwambie unaelekea upande gani.

Ukichomwa na taa au na yule samaki anayefanana na jiwe, tia mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kisha hospitali, usingoje jioni.

Pomboo wasifukuzwe na injini. Nahodha azime au apunguze mwendo, wao wakitaka watakuja wenyewe. Usiwakate njia, usiruke majini katikati yao wakiwa na watoto. Kasa akipanda ufuoni usiku kutaga, zima tochi na simu, kaa mbali nyuma yake. Mayai hupita mia moja kwa tundu, na mwanga unaweza kumrudisha baharini kabla hajataga. Usimpande mgongoni kwa picha. Usichukue kombe wala kiti cha pweza kupeleka nyumbani, atakunukia garini na kule amepungua.

Ukienda kaskazini, kupita Malindi, mpaka mlango wa mto Sabaki, kuna viboko, usisogee maji yale ya udongo alfajiri wala magharibi. Kwenye mikoko tazama matope kabla ya kushuka. Simu iwe kwenye mfuko usioingia maji, na chaji iwepo. Pombe isubiri mrudi. Na watoto wawe na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni wao tu, asiyeshika kamera.