Anwani ya ukurasa ikishashika, usiiguse ovyo

Kabla hujachapisha, itazame kwanza anwani ya ukurasa wako. /p?id=4873 haimwambii msomaji chochote; /kusafisha-kamera inajieleza yenyewe. Tenganisha maneno kwa kistari cha kawaida, siyo kile cha chini, Google wenyewe wanashauri hivyo. Tumia herufi ndogo tupu, maana /Kamera na /kamera zinaweza kuhesabiwa kurasa mbili. Mwaka usiuweke kama makala utaendelea kuihuisha.

Ila nakuomba sana: ukurasa ukishaanza kuonekana kwenye matokeo ya utafutaji, usiibadilishe anwani kwa sababu tu umepata iliyo nzuri zaidi. Maneno ya kwenye anwani yana uzito mdogo mno katika kupanga matokeo, wakati viungo ulivyowekewa na tovuti nyingine ni mali, na vyote vitaangukia kwenye kosa la 404, yaani "ukurasa haupatikani". Ukilazimika, weka uelekezaji wa kudumu (msimbo wake ni 301), unaompeleka msomaji moja kwa moja kutoka kila anwani ya zamani hadi mpya inayolingana nayo. Usizirundike zote kwenye ukurasa wa mwanzo. Uache uelekezaji huo angalau mwaka mzima, na viungo vya ndani ya tovuti yako virekebishe siku hiyohiyo.