Jinsi ya Kufuatilia Usajili wa Vyuo Marekani, Potali na Drafti Bila Kupelekwa na Tetesi

Habari za wachezaji wa vyuo Marekani hazina mapumziko. Leo kijana wa sekondari katangaza chuo, kesho nyota wa timu kaomba kuondoka, keshokutwa skauti asiyetajwa jina anadai fulani hashuki chini ya chaguo la tano kwenye drafti, zoezi la timu za kulipwa kuchagua wachezaji wapya kwa zamu. Ukizipa zote uzito mmoja utachoka mapema sana. Kila taarifa ipitishe kwanza kwenye swali hili: kuna karatasi gani iliyosainiwa, na nani bado anaweza kurudi nyuma?

Anza kwa kutengeneza jedwali. Safu saba zinatosha: jina, nafasi anayocheza, mwaka aliomaliza sekondari, chuo, misimu aliyokwisha kucheza, hatua aliyopo, na tarehe ya mwisho ya kubadili mawazo. Safu hiyo ya saba ndiyo wengi huiacha, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Chukua mfano wa Cam Ward. Alitoka sekondari bila nyota hata moja, yaani alama ambazo makampuni ya kupima vipaji huwapa vijana, akaanzia Incarnate Word, akahamia Washington State, Januari 2024 akatangaza kwenda drafti ya NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani (si soka), akajitoa siku chache baadaye na kutua Miami. Aprili 2025 Tennessee Titans wakamchagua wa kwanza kabisa. Aliyefunga mstari wake ile siku aliyotangaza drafti aliukosa msimu wote uliompandisha.

Ofa, ahadi na saini

Ofa ni neno la kocha, si mkataba. Vyuo vikubwa vya futiboli hutoa ofa nyingi kuliko nafasi walizonazo, na nyingine huwezi kuzikubali hata ukitaka: ukimpigia kocha kusema ndiyo, anakwambia subiri. Wanaotangaza ofa ni wachezaji wenyewe, kwa hiyo kuhesabu ofa kumi na tano za kijana hakukwambii sana. Tazama alikokwenda. Ziara rasmi, ile inayolipiwa na chuo, inagharimu pesa na muda wa makocha. Chuo hakimwaliki mtu kisiyemtaka. Ziara ikifanyika wiki chache kabla ya tarehe za kusaini, iandike kwa wino mzito.

Ahadi ya mdomo nayo haimfungi mtu. Mchezaji anaweza kuibadilisha, na chuo pia kinaweza kumtema, ingawa hilo halitangazwi kwa video yenye muziki. Kinachofunga ni saini. Kwenye futiboli, kundi kubwa husaini mwanzoni mwa Desemba na waliobaki kuanzia Februari. Kwenye kikapu husaini kuanzia Novemba. Ile barua ya kitaifa ya kusudio iliyokuwa ikisainiwa kwa miongo mingi ilifutwa Oktoba 2024, na nafasi yake imechukuliwa na mkataba wa ufadhili wa masomo. Akishausaini, vyuo vingine haviruhusiwi kuendelea kumshawishi.

Kuhusu nyota, tumia wastani wa makampuni kadhaa, usitegemee kampuni moja. Ujue pia zinavyogawiwa: 247Sports, mojawapo ya makampuni hayo, hulenga wachezaji wapatao 32 wa nyota tano kwenye futiboli, sawa na chaguo 32 za raundi ya kwanza ya drafti ya NFL. Maana yake nyota tano ni ubashiri wa drafti, si cheti kwamba kijana atang'ara mwaka wake wa kwanza. Ubashiri huo hukosea zaidi kwa walinzi wa mstari wa mbele, wale wanaomkinga mrusha mpira, kwa sababu mwili wa miaka 17 bado haujakaa. Mtu ataongeza kilo ishirini kabla hujajua ni mchezaji wa aina gani.

Viwango vya madarasa ya usajili, yaani makundi ya vijana ambao kila chuo kimewasajili mwaka huo, vina mtego mmoja. Pointi hujumlishwa, kwa hiyo chuo kilichosajili vijana 28 wa kawaida kinaweza kukaa juu ya kilichosajili 16 wazuri. Angalia wastani kwa mchezaji mmoja kabla hujaanza kutambia wenzako.

Potali

Hapa ndipo kelele ni nyingi na uelewa ni mdogo. Potali ya uhamisho, iliyoanza Oktoba 2018, ni hifadhidata ya wachezaji wanaotaka kuhama, inayotunzwa na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo. Mchezaji huiomba kwa maandishi ofisi ya kanuni ya chuo chake, na ofisi ina siku mbili za kazi kuliingiza jina. Wewe shabiki huioni. Unachokiona ni wanahabari wakinukuu walio ndani. Tangu Aprili 2024 mchezaji anaweza kuhama zaidi ya mara moja na kucheza msimu unaofuata, ili mradi masomo yake yako sawa.

Kosa la kwanza la mashabiki ni kuelewa vibaya dirisha. Dirisha ni muda wa kuingia potali, si muda wa kuchagua chuo. Futiboli ilikuwa na madirisha mawili, la baridi na la Aprili. Mwaka 2026 lilibaki moja, kuanzia tarehe 2 hadi 16 Januari. Aliyeingia siku ya mwisho anaweza kutangaza chuo wiki kadhaa baadaye bila kuvunja kanuni yoyote. Kwenye kikapu, mwaka 2025 dirisha lilifunguliwa tarehe 24 Machi, mashindano ya taifa yakiwa bado yanachezwa. Tarehe hubadilika karibu kila mwaka, kwa hiyo usitumie kalenda ya mwaka jana.

Kosa la pili ni kudhani kuingia ni kujaribu tu. Jina likishaingia, chuo kinaruhusiwa kumwondolea ufadhili kuanzia muhula unaofuata, na hakilazimiki kumrudisha akibadili mawazo. Wengine hubaki humo bila timu.

Kuna alama moja ndogo ya kuizingatia: mchezaji anaweza kuomba jina lake liandikwe kwamba vyuo visimpigie. Anayefanya hivyo mara nyingi tayari anajua anakokwenda, na taarifa za vyuo kumi vinavyomwania ni za kujaza ukurasa.

Kisha hesabu viti. Baada ya mahakama kuidhinisha mapatano ya kesi ya House, ile ya wanamichezo dhidi ya NCAA kuhusu malipo, tarehe 6 Juni 2025, vyuo vilivyojiunga na mfumo huo vilibanwa kwa idadi ya wachezaji kikosini: 105 kwa futiboli, 15 kwa kikapu. Kama timu yako ya kikapu ina tisa wanaobaki na wawili waliosaini kutoka sekondari, zimebaki nafasi nne. Tetesi ya saba ikifika, ujue kuna wanaotumiwa kupandisha bei.

Bei yenyewe inatoka sehemu mbili. Chuo chenyewe kiliruhusiwa kugawia wanamichezo wake wote hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka 2025–26, na sehemu kubwa huenda futiboli. Juu ya hapo kuna dili za matangazo kutoka nje, zilizohalalishwa Julai 2021. Dili ya kuanzia dola 600 lazima iripotiwe na kukaguliwa. Takwimu unazosoma kuhusu mchezaji mmoja mmoja mara nyingi zimetoka kwa mawakala, ambao wana kila sababu ya kuzikuza. Zichukulie kama dau la ufunguzi.

Safu ya misimu nayo ina utata wake. Hesabu iliyozoeleka ni misimu minne ndani ya miaka mitano tangu ajiunge na masomo ya muda wote, na kwenye futiboli akicheza mechi zisizozidi nne msimu huo hauhesabiwi. Lakini mahakama zimeingia. Desemba 2024 Diego Pavia wa Vanderbilt alipata amri iliyomruhusu kucheza 2025, akipinga kuhesabiwa miaka aliyocheza chuo cha miaka miwili. Tangu hapo, kabla ya kuandika kwamba fulani amemaliza, tafuta kama ana kesi.

Drafti

Tenganisha vitu viwili vinavyochanganywa kila siku. Orodha ya viwango inasema nani ni bora. Drafti ya kubashiri inasema nani atakwenda timu gani. Ya pili haina thamani kubwa kabla mpangilio wa timu haujajulikana. Mwaka 2025 Dallas Mavericks walikuwa na asilimia 1.8 tu ya kupata chaguo la kwanza kwenye bahati nasibu ya NBA, ligi ya kulipwa ya kikapu, inayopanga nani achague kwanza, wakalipata, wakamchukua Cooper Flagg.

Kwa NBA, mchezaji wa Marekani lazima atimize miaka 19 ndani ya mwaka wa drafti na uwe umepita angalau msimu mmoja tangu darasa lake limalize sekondari. Anaweza kujiandikisha, kupimwa Chicago mwezi Mei, kisha akajitoa. Hapo kuna tarehe mbili. Mwaka 2025 ya NCAA ilikuwa 28 Mei na ya NBA 15 Juni. Anayejitoa kati ya hizo mbili ametoka kwenye drafti lakini pia amepoteza haki ya kurudi chuoni kwa kanuni za kawaida. Andika zote mbili.

Uamuzi wake usome kwa pesa. Chaguo la raundi ya kwanza hupata mkataba wenye miaka miwili ya uhakika na miwili ya hiari ya timu. Raundi ya pili haina uhakika huo; wengi huishia kwenye mkataba wa kupanda na kushuka kati ya NBA na G League, ligi yake ndogo, uliolipa kiasi cha dola 636,000 msimu wa 2025–26. Chuo kinachoweza kulipa zaidi ya hapo kinamrudisha kijana anayebashiriwa namba 40 bila kubembeleza sana.

Usiku wa drafti usiamini kofia ya timu anayovaa mchezaji akitajwa. Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda na kupitia Duke, alitajwa namba 10 mwaka 2025 na Houston Rockets, ilhali chaguo lile lilikuwa tayari la Phoenix Suns kwa makubaliano ya kumhamisha Kevin Durant ambayo yalikuwa hayajarasimishwa.

NFL ni raundi saba, na lazima iwe imepita miaka mitatu tangu sekondari. Mbio za yadi 40 za Indianapolis, kwenye vipimo vya NFL kabla ya drafti, hupigiwa kelele, ila timu huko zinafuata zaidi madaktari: goti lililopasuliwa linaweza kumshusha mtu na hutaliona kwenye runinga. Muda wa mbio zilizofanyika chuoni kwake uuweke pembeni na ule wa Indianapolis, usiuchanganye, kwani mazingira na upimaji hutofautiana.

Jina la mwisho likisomwa, usifunge jedwali. Brock Purdy alikuwa wa 262, wa mwisho kabisa, mwaka 2022. Na wasiochaguliwa huanza kusaini dakika zilezile, wakiwa na kitu ambacho wa raundi ya saba hana: wanachagua timu. Angalia timu iliyowachukua ina wangapi kwenye nafasi hiyo, na imewalipa kiasi gani cha uhakika. Aliyepewa dhamana kubwa ana nafasi ya kweli kambini; aliyepewa ya elfu chache amealikwa kujaza mazoezi.