Mwenye Bastola ya Leseni Anapokuwa na Shughuli Ofisi ya Serikali Dar es Salaam

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mkazi wa Dar es Salaam anayemiliki silaha kihalali: mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye bastola ya kujilinda, au mwenye shamba Kigamboni anayetunza shotigani, ambaye siku moja anaitwa shahidi katika Mahakama ya Kisutu au ana kikao kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya. Swali lake ni moja tu, kwamba muda wote atakaokuwa ndani silaha itakaa wapi. Msimamo wangu ni kwamba ina sehemu mbili tu za kukaa, yaani ndani ya sefu iliyofungwa nyumbani kwake, au ndani ya ghala la silaha la kituo cha polisi kwa maandishi, na kwamba uamuzi huo ufanywe kabla hajatoka nyumbani, kwa sababu akishafika getini amechelewa.

Kwanza tuelewane kuhusu haki. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inatambua, katika ibara ya 14, haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha kutoka katika jamii, na katika ibara ya 24 haki ya kumiliki mali kwa mujibu wa sheria. Hakuna ibara inayompa mwananchi haki ya kubeba silaha. Kinachokuwezesha kuwa na bastola ni leseni inayotolewa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni hiyo ni ya mtu mmoja, kwa silaha yenye namba yake, na inaweza kuondolewa. Mwaka 2016, zoezi la kuhakiki silaha lilipofanyika jijini, hata Rais John Magufuli alihakiki zake. Ukilielewa hilo hutabishana na askari wa getini kwamba una leseni, kwani leseni inaeleza kwamba silaha ni yako, lakini haikupi ruhusa ya kuingia nayo popote.

Nalisisitiza hili kwa sababu vijana wengi siku hizi wanajifunza mambo ya silaha kupitia video za Marekani, halafu wanayaleta mabishano ya kule kwenye mageti yetu. Marekani wana marekebisho ya pili ya katiba yao, ya mwaka 1791, yanayotaja haki ya kuwa na silaha na kuibeba. Hata hivyo, Mahakama yao ya Juu, katika hukumu ya kesi ya Heller ya mwaka 2008 iliyoitambua haki hiyo kuwa ya mtu binafsi, ilisema kwamba haikusudii kutilia shaka makatazo ya kubeba silaha shuleni na katika majengo ya serikali. Sheria yao ya shirikisho inamwadhibu anayeingia kwa makusudi na silaha katika jengo la serikali hiyo kwa kifungo kisichozidi mwaka 1, na katika mahakama zake kisichozidi miaka 2, na inataka tangazo la katazo libandikwe waziwazi mlangoni. Kwa hiyo hata anayeitumia Marekani kama mfano wa uhuru wa silaha hana hoja anapofika mlango wa mahakama.

Hatua ya kwanza, basi, ni kujua kwamba unakokwenda ni eneo la serikali, na hapa watu hujikwaa zaidi kuliko wanavyodhani. Mahakama, wizara, manispaa na vituo vya polisi hujulikana wazi kuwa ni vya serikali. Lugalo je? Raia anayekwenda hospitali pale anapita geti la jeshi, na asubuhi ya kumwahisha mama yake kliniki haikumbuki bastola iliyo kiunoni. Stesheni ya SGR ni mali ya serikali, na mizigo inakaguliwa kabla hujapanda treni. Kuna pia maeneo ya serikali yasiyo na ukuta wala kibao kikubwa. Pori la Akiba la Pande liko ndani ya mkoa wetu huu, upande wa Mabwepande, na kuingia na silaha katika pori la akiba au hifadhi ya taifa bila kibali cha mamlaka husika ni kosa hata kama leseni yako iko safi na hukuwa na nia ya kumgusa mnyama yeyote. Anayepanga mapumziko ya familia Mikumi aiache silaha Dar.

Ukishajua unakokwenda, njia bora ni kuiacha nyumbani, nami nashauri uichukue hiyo kila inapowezekana. Toa magazini kwanza, yaani kile kibweta cha risasi kinachoingia kwenye mpini, kisha vuta nyuma sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, uangalie chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa macho na kuigusa kwa ncha ya kidole, huku mdomo wa bastola ukielekea mahali pasipo na mtu. Mpangilio huo usigeuzwe, kwa maana anayevuta kwanza na kutoa magazini baadaye anaitoa risasi ya chemba na kuiingiza nyingine mahali pake, akiamini kwamba silaha ni tupu. Iweke ndani ya sefu iliyofungiwa ukutani au sakafuni kwa bolti, risasi zikae kwenye kisanduku chao chenye kufuli, na ufunguo uende nao wewe mwenyewe. Usimwachie dada wa kazi wala mdogo wako, hata kama unamwamini kwa kila jambo, kwa sababu anayeshika ufunguo ndiye aliyeshika silaha, naye hana leseni.

Iwapo huna namna, kwa mfano unatoka moja kwa moja benki na fedha za mauzo kisha una kesi saa nne, zungumza na kituo cha polisi siku moja au mbili kabla. Nenda bila silaha, umuone mkuu wa kituo, umweleze siku, saa na sababu, umuombe akupokelee silaha kwa muda. Siku yenyewe ifikishe ikiwa tupu, ndani ya mkoba wake, pamoja na leseni na kitambulisho cha taifa. Ukifika kaunta usiitoe. Sema kwa utulivu kwamba umekuja kukabidhi silaha kama ulivyokubaliana na mkuu wa kituo, kisha mwache askari akuelekeze mahali pa kuifungulia. Mkono unaochomoa bastola ghafla mbele ya kaunta iliyojaa watu haumpi askari muda wa kuuliza leseni iko wapi. Hakikisha daftarini zimeandikwa aina ya silaha, namba yake, idadi ya risasi na saa ya kukabidhi, na uombe karatasi yenye sahihi na muhuri.

Karatasi hiyo naitetea kwa sababu ya jambo lililonipata. Miaka kadhaa iliyopita nilifika kwenye ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, nikiwa nimejisahau na bastola kiunoni. Nilimweleza mlinzi mwenyewe. Alinipokea kwa heshima, akavuta droo ya meza yake, akailaza bastola yangu juu ya daftari la wageni, katikati ya vitambulisho na miwani iliyosahauliwa, akasukuma droo. Haikuwa na kufuli. Niliporudi baada ya saa moja na nusu nilimkuta mlinzi mwingine wa zamu ya mchana, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, na droo iko wazi kiasi cha vidole viwili. Bastola ilikuwepo, na risasi zote zilikuwepo, lakini mikono yangu ilitetemeka mpaka nilipofika nyumbani. Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilimkabidhi silaha mtu ambaye sheria haimpi mamlaka ya kuipokea, na kama ingepotea nisingekuwa na hata mstari mmoja wa maandishi wa kuonyesha ilipopotelea.

Kwa hiyo, ukijikuta umefika getini nayo, usiingie kwenye foleni ya ukaguzi ukitumaini kwamba mashine haitaiona, na usimwachie mlinzi. Rudi ulikotoka kabla ya kuvuka geti, upige simu ofisini kueleza kwamba utachelewa, kisha uipeleke polisi au nyumbani. Kama umeshavuka, simama, weka mikono yako mahali panapoonekana, mwambie askari kwa maneno kwamba una silaha ya leseni na iko sehemu gani ya mwili au ya mkoba, na ungoje maelekezo yake. Kuchelewa kwenye kikao kunaombewa radhi.

Kuiacha ndani ya gari ni jambo ninalolikataa kabisa, ingawa ndilo linalofanywa na wengi. Wizi wa kuvunja vioo vya magari katikati ya jiji tunaufahamu sote, na mwizi aliyekuja kutafuta kompyuta akiondoka na bastola, silaha iliyosajiliwa kwa jina lako imeingia mikononi mwa wahalifu. Zaidi ya hapo, maegesho yaliyo ndani ya uzio ni sehemu ya eneo la serikali, hivyo kuifungia kwenye buti hakujakuondolea tatizo ulilotaka kulikwepa. Ikiibiwa popote, toa taarifa polisi papo hapo na uchukue namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere una utaratibu wake. Anayesafiri na silaha awasiliane na shirika la ndege na polisi wa uwanjani mapema, aitangaze mwenyewe kabla ya ukaguzi, nayo isafiri ikiwa tupu kwenye mzigo unaokabidhiwa kwa shirika la ndege, kamwe si kwenye mkoba wa mkononi, na risasi zifungwe peke yake.

Sasa turudi kwa yule aliyeikabidhi kituoni. Shughuli ikiisha, nenda ukaichukue siku hiyohiyo ukiwa na karatasi yako, na usipitie kwanza kwenye baa au harusini. Linganisha namba iliyo kwenye chuma na iliyo kwenye leseni, tarakimu kwa tarakimu. Hesabu risasi moja moja mezani mbele ya askari, na zikipungua hata moja usitie sahihi mpaka iandikwe. Hakikisha saa ya kuchukua imejazwa kando ya saa ya kukabidhi, uiweke silaha mkobani ikiwa tupu vilevile ilivyokuja, kisha ushike njia ya nyumbani moja kwa moja.