Namna ya kufuatilia siasa za Ufilipino bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Ukitaka kuielewa habari ya siasa kutoka Manila, jina la chama liruke. Mwaka 2016 chama cha Rodrigo Duterte, aliyechaguliwa rais mwaka huo, PDP-Laban, kilipata wabunge wa kuhesabika kwa vidole, lakini haikuchukua muda zaidi ya mia wakawa wameunga mkono juhudi. Mbunge wa huko hapotezi kiti kwa kuhama chama, na fedha za barabara na madarasa ya jimbo lake zinategemea kuelewana na rais na spika. Kwa hiyo ukisoma kwamba muungano umevunjika, usihangaike kutafuta sera waliyotofautiana. Uliza ni koo zipi zimegombana. Ferdinand Marcos Jr. na Sara Duterte, binti wa Rodrigo, waligombea pamoja mwaka 2022, mmoja urais na mwingine umakamu. Kufikia Machi 2025, wabunge walikuwa wameshapiga kura ya kumshtaki Sara, na baba yake ameshapandishwa ndege kwenda The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai.

Soma jina la katikati

Mfilipino hubeba jina lake la kuzaliwa, la ukoo wa mama katikati, kisha la ukoo wa baba. Rais ni Ferdinand Romualdez Marcos, mtoto wa Imelda Romualdez. Martin Romualdez, aliyekuwa spika hadi Septemba 2025, ni binamu yake. Mwanamke akiolewa, mara nyingi ukoo wa baba yake husogea katikati na wa mume hukaa mwisho: Gloria Macapagal Arroyo ni binti wa Rais Diosdado Macapagal. Anayesoma jina la mwisho peke yake huwakosa ndugu wengi.

Ila kuna mtego. Mwaka 1849 Gavana Narciso Clavería, wa enzi ya Wahispania, aliamuru familia zigawiwe majina kutoka kwenye orodha, na baadhi ya majina, kama Reyes, Santos na Cruz, yameenea nchi nzima. Kufanana jina si undugu. Hakikisha kwa kutumia tamko la mali na madeni, ambalo kila mtumishi wa umma hulijaza kufikia 30 Aprili kila mwaka. Lina sehemu ya kutaja ndugu walioko serikalini hadi ngazi ya nne, wa damu na wa ndoa. Ofisi ya Ombudsman, inayochunguza na kushtaki ufisadi wa watumishi wa umma, iliyafungia matamko hayo mwaka 2020, ikayafungua tena Oktoba 2025.

Sasa chagua mkoa mmoja uchore jedwali. Safu nne: 2016, 2019, 2022, 2025. Mistari: gavana, naibu gavana, wabunge, meya wa mji mkubwa. Wote hawa huchaguliwa kwa miaka mitatu na hawaruhusiwi zaidi ya vipindi vitatu mfululizo. Neno la kutazama ni “mfululizo”. Mwaka wa tisa ukifika, mke au mtoto anakalia kiti, mzee anakwenda bungeni, na baada ya miaka mitatu wanabadilishana. Katika jedwali lako hilo litaonekana kama jina lilelile linaloruka mstari. Mfano ni jiji la Davao, Mei 2025: Rodrigo Duterte alichaguliwa meya akiwa mahabusu The Hague, mwanawe Sebastian naibu meya, mwanawe Paolo mbunge.

Katiba ya 1987, ibara ya II kifungu cha 26, inakataza koo za kisiasa “kama sheria itakavyofafanua”. Maneno hayo matatu ndiyo mlango wa kutokea. Wanaotakiwa kutunga sheria hiyo ni haohao wenye koo, na hadi uchaguzi wa 2025 walikuwa wamekubali kuwabana vijana wa mabaraza ya mitaa tu, kwa sheria iliyosainiwa Januari 2016.

Takwimu za kura na tafiti

Rais hushinda kwa kuongoza tu. Hakuna duru ya pili. Fidel Ramos aliingia Ikulu mwaka 1992 kwa chini ya asilimia 24. Makamu huchaguliwa kwa kura yake peke yake, ndiyo maana mwaka 2016 Duterte alijikuta na makamu kutoka upande wa pili, Leni Robredo. Kabla ya kuandika kwamba wananchi wamempa fulani ridhaa, tazama asilimia.

Tafiti za maoni za SWS na Pulse Asia kwa kawaida huhoji watu wazima wapatao 1,200, na kosa la makadirio ni karibu asilimia 3 juu au chini. Lakini sampuli hiyo hugawanywa sehemu nne: Manila, Luzon iliyobaki, Visayas na Mindanao, watu 300 kila moja, na hapo kosa linapanda hadi karibu 6. Kichwa cha habari kinachosema fulani “ameporomoka Visayas” kwa pointi 4 hakina kitu. Kwa Seneti, baraza la juu la Bunge ambalo viti vyake 12 huwaniwa kila uchaguzi, anayehojiwa anataja hadi majina 12, hivyo asilimia zikijumlishwa zinapita 100 na walioko kati ya nafasi ya 9 na ya 15 mara nyingi wamefungana. Mwaka 2025 Bam Aquino, ambaye tafiti zilimweka ukingoni, alimaliza wa pili.

Kuhusu gharama za kampeni, usiishie kwenye taarifa wanazowasilisha kwa Tume ya Uchaguzi. Sheria ya 1991 inamruhusu mgombea urais peso 10 kwa kila mpiga kura, lakini inahesabu kipindi cha kampeni tu, siku 90. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2009, katika kesi ya Penera, kwamba mtu haitwi mgombea kabla kipindi hicho hakijaanza. Mabango yote ya “heri ya sikukuu” yenye sura ya mheshimiwa huingia katika pengo hilo.

Bajeti: hapa ndipo pa kukaa

Bunge hufunguliwa Jumatatu ya nne ya Julai, na ndani ya siku 30 rais hupeleka mapendekezo ya matumizi. Katiba hairuhusu Bunge kuongeza jumla yake. Linachoweza ni kupunguza hapa na kuweka pale. Ujanja uliozoeleka ni kuhamishia miradi ya mikopo ya nje kwenye fungu la fedha zisizo na uhakika, hali serikali itabidi iilipie tu, ili nafasi iliyoachwa ijazwe na miradi ya wabunge. Mapatano ya mwisho hufanywa na kamati ya pamoja ya mabunge mawili, Baraza la Wawakilishi na Seneti, ambayo kabla ya Desemba 2025 kwa desturi ilikutana ndani ya milango iliyofungwa.

Pakua nyaraka mbili: mapendekezo ya rais na sheria ya bajeti iliyopitishwa. Nenda Wizara ya Ujenzi, mkoa mmoja, uziweke bega kwa bega. Kila mstari uliomo kwenye sheria na haumo kwenye mapendekezo umechomekwa na mtu. Kisha tazama dalili hizi: gharama zinazolingana hadi peso ya mwisho katika maeneo tofauti, maelezo yasiyotaja aina ya ujenzi, mto mmoja uliokatwa “awamu” nyingi. Agosti 2025 serikali yenyewe ilitangaza miradi 9,855 ya kuzuia mafuriko tangu Julai 2022, ya zaidi ya peso bilioni 545, ambapo 6,021 haikusema inajenga nini hasa, na wakandarasi 15 walibeba karibu asilimia 20 ya fedha.

Ukiwa na eneo, fungua picha za setilaiti na urudishe tarehe nyuma: kabla ya mkataba, kisha baada ya “kukamilika”. Baliuag, mkoani Bulacan, ukuta wa mto wa takriban peso milioni 55 ulikuwa umeripotiwa kukamilika asilimia 100 na kulipwa. Rais alipofika mahali penyewe hakukuta ukuta. Mradi hewa. Kosa la kawaida la anayekagua nyumbani ni kusoma anwani ya mtaa badala ya alama za umbali kando ya mto, akatangaza wizi mahali pasipo pake.

Ripoti za COA, tume ya ukaguzi wa hesabu za serikali, ziko wazi mtandaoni. Hati safi maana yake vitabu vimeandikwa sawasawa, si kwamba hakuna aliyeiba. Anza na sehemu ya mapendekezo ya miaka iliyopita: yasiyotekelezwa mwaka baada ya mwaka yanasema zaidi ya hoja mpya. Fedha za siri hazimo kwa mchanganuo. Ofisi ya makamu wa rais ilitumia peso milioni 125 za aina hiyo kwa siku 11 mwishoni mwa 2022.

Kelele za Seneti na mahakama

Vikao vya uchunguzi vya Seneti huonyeshwa moja kwa moja na havimhukumu mtu. Kinachofuata ni Ombudsman, halafu Sandiganbayan, mahakama ya kesi za ufisadi, na huko miaka hupita: Bong Revilla aliachiwa Desemba 2018 katika kesi ya uporaji wa mali ya umma, akarudi Seneti 2019. Kushtakiwa bungeni nako si kuondolewa. Kuondoa kunataka kura 16 za maseneta 24, na Mahakama ya Juu ilibatilisha mashtaka ya Sara Duterte Julai 2025 kwa sababu, miongoni mwa nyingine, Katiba hairuhusu shauri la pili dhidi ya afisa yuleyule ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo mbele ya kila “amekwisha” andika mambo mawili: shauri liko ofisi ipi leo, na uchaguzi ujao ni Mei ya mwaka gani.