Sauti kwanza, gita baadaye: hatua za kumwimbia mgonjwa

Mwongozo huu ni wa anayejua kodi tatu nne za gita na anahudumia wagonjwa au wazee hapa Unguja na Pemba. Ufundi wa kutumbuiza harusini hautakufaa sana, maana huku anayeongoza ni mgonjwa. Na ufanye kazi pamoja na daktari wake, si badala yake.

1. Uliza nyimbo. Mwamkie, kaa, kisha umuulize yeye au watu wake: ujanani alipenda nini? Bibi aliyezaliwa 1945 alikuwa msichana miaka ya 1960, enzi za vikundi vya taarabu kama Ikhwani Safaa na Culture. Bongo Fleva yako ataivumilia kwa heshima tu. Uliza pia kama nyumba hiyo inaridhia ala. Wasipotaka gita, liache nje bila kunung'unika. Kasida kwa sauti tupu inatosha. Nyimbo za unyago usiziguse mbele ya wanaume.

2. Mfuate kwenye sauti yake. Wazee wengi sauti zimeshuka. Mwache aanze mwenyewe, hata kwa kuguna, halafu badilisha kodi au sogeza kapo (kibanio cha shingo ya gita) mpaka umkute alipo.

3. Litayarishe gita kwa taarabu. Hapa ndipo waliojifunzia gita kwenye nyimbo za Kizungu hukwama. Taarabu nyingi za zamani zina maqam (ngazi za sauti za Kiarabu) kama Rast na Bayati, zenye noti zinazokaa katikati ya freti mbili. Udi na fidla hazina freti, kwa hiyo huzipata. Gita lako haliwezi. Noti ya tatu ya Rast haiko juu kama ya kodi kubwa (major) wala chini kama ya kodi ndogo (minor), na ukipiga kodi kamili chini yake, mwimbaji anahisi anasukumwa atoke kwenye wimbo wake.

Dawa yake ni ndogo. Legeza uzi wa sita kutoka E mpaka D. Sasa nyuzi tatu nene, zikiwa wazi, zinatoa D, A, D. Zipige hizo tu kwa dole gumba, polepole, zivume chini ya sauti. Hakuna noti ya tatu, kwa hiyo hakuna ugomvi. Ukiniuliza mimi, mvumo huo unashinda kodi kumi za kujionyesha.

4. Anza alipo. Mgonjwa anahema haraka na mikono haitulii? Usimletee wimbo wa kubembeleza. Piga kwa kasi ile ile ya pumzi yake kwanza, kisha punguza kidogo kila ubeti, ukitazama mabega. Asipokufuata, rudi kwenye kasi yake. Ira Altshuler, daktari wa akili wa Marekani, aliieleza njia hii miaka ya 1940.

5. Aliyepoteza maneno kwa kiharusi. Wapo wasioweza kusema sentensi moja lakini wanaimba ubeti mzima. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston walichapisha njia ya kutumia uwezo huo: unaimba sentensi ya kila siku kwa noti mbili, huku ukigonga mkono wake wa kushoto mara moja kwa kila silabi.

Kiswahili kinairahisishia njia hii, kwa kuwa mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Noti ya chini iwe E (uzi wa nne, freti ya pili), ya juu iwe G (uzi wa tatu, wazi). "Nataka maji" inakuwa na-TA-ka MA-ji: chini, juu, chini, juu, chini. Imba peke yako, imbeni pamoja, kisha fifisha sauti yako katikati ya sentensi umwachie amalizie. Akikwama, mpe silabi ya kwanza tu. Gita liondoke mapema, maana jikoni hatakuwa nalo.

Mazoezi haya yapange na mtaalamu wa matamshi kama yupo. Kama hayupo, na daktari anayemtibu.

6. Akilia. Usikate wimbo ghafla wala usikimbilie kuchekesha. Punguza sauti, baki kwenye mvumo, umtazame. Akitaka kusema, nyamaza. Akiashiria basi, ni basi.

7. Andika kabla hujaondoka. Wimbo gani, kasi gani, alijibu kwa kitu gani: jicho, mguu, neno. Kisha mfundishe mmoja wa nyumbani ile sentensi ya noti mbili, aiimbe kila anapompa maji. Na ufute nyuzi kwa kitambaa kikavu. Kwa chumvi ya hewa yetu, nyuzi za chuma hushika kutu upesi.