Tamko la maslahi kwa ruzuku ya NIH: usiache kutaja hela za chuo cha jirani

Fedha za Taasisi za Taifa za Afya za Marekani (NIH) zikija kwenye taasisi yako, hata kama zinapitia chuo cha Marekani, utajaza tamko la maslahi ya kifedha, yaani fomu ya kutaja malipo, hisa na manufaa mengine unayopata nje ya taasisi yako. Mafunzo yake yafanye kabla ya kazi kuanza, kisha uyarudie angalau kila baada ya miaka 4.

Kabla hujagusa fomu, uliza mnafuata sera ya nani: ya taasisi yenu au ya chuo kinacholeta fedha? Lazima mkataba wenu uliseme hilo. Wanaojaza ni wote wanaobuni utafiti, kuuendesha au kuripoti matokeo, wawe na cheo chochote.

Kilichotukwamisha sisi ni kipengele cha misamaha, yaani malipo yasiyohitaji kutajwa. Kanuni zinasamehe malipo ya semina na mihadhara kutoka vyuo vikuu na serikali, na wengi wakifika hapo hawaendelei kusoma. Msamaha huo ni wa vyuo na serikali za Marekani tu. NIH ilikumbusha hivyo mwaka 2018. Kwa hiyo ukifundisha kwa mkataba chuo cha jirani Nairobi au Morogoro, au wizara ikikulipa kwa ushauri, hela hiyo inahesabika. Ikizidi dola 5,000 kutoka chanzo kimoja ndani ya miezi 12, iandike. Mshahara wa taasisi yako mwenyewe hauandikwi.

Ofisi ya utafiti ilituambia tuyaache malipo hayo. Fomu za timu nzima zikarudishwa, na wadadisi waliokuwa tayari vijijini wakakaa bila posho huku sisi tukihangaika na taarifa za benki za mwaka mzima. Watu wale wana familia, na hawakuhusika na kosa lolote. Tafuta taarifa hizo mapema.

Andika pia maslahi ya mwenzi wako na watoto wanaokutegemea. Hisa katika kampuni isiyo kwenye soko la hisa hutajwa hata ikiwa moja, na safari zinazohusu kazi yako zilizolipiwa na wengine pia.

Usiogope kutaja. Taasisi ndiyo itakayoamua kama kuna mgongano wa maslahi, yaani kama maslahi hayo yanaweza kupindisha utafiti, na ukiwapo mara nyingi utapangiwa masharti, kwa mfano mtu asiye na maslahi achambue takwimu, na mradi unaendelea. Ukificha, na ikabainika kuwa kulikuwa na mgongano, kazi uliyofanya katika kipindi hicho itakaguliwa upya kuona kama ilipindishwa.

Tamko hurudiwa kila mwaka, na ukipata maslahi mapya katikati ya mradi una siku 30 za kuyatangaza.