Somo: Kuoanisha pampu ya mafuta na injeksheni unapoondoa kabureta

Ninaandika somo hili kwa sababu swali la "nifunge pampu gani?" halikomi, na anayeuliza huwa hataji presha ya mfumo wake wala nguvu ya injini yake. Mfano wangu ni Toyota Hilux ya injini ya 22R, lita 2.4, inayofungwa seti ya injeksheni (mfumo wa kunyunyizia petroli kwa presha) ya kukaa mahali pa kabureta.

1. Soma kijitabu cha seti yako na uandike presha inayotakiwa. Pampu ya zamani inayoendeshwa na kamshafti (shafti inayofungua valvu za injini) hutoa takriban psi 4 hadi 7 (psi na baa ni vipimo vya presha), ilhali seti nyingi za sasa hutaka psi 58, yaani baa 4, na nyingine psi 43.5, yaani baa 3.

2. Kadiria mafuta. Injini ya petroli isiyo na tabo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), ikikanyagwa hadi mwisho, hutumia karibu lita 0.3 kwa saa kwa kila nguvu farasi moja. Tukiichukulia 22R kuwa na farasi 100, tunapata lita 30 kwa saa, na tukiongeza robo kwa tahadhari, lita 38.

3. Tafuta pampu inayotoa kiasi hicho kwenye presha yako na kwa volti zitakazoifikia. Hapa ndipo pampu na injini nyingi huharibikia. Maandishi ya "lita 255 kwa saa" yaliyo kwenye boksi ni matokeo ya kipimo cha presha fulani, mara nyingi kwa volti 13.5; presha ikipanda, mafuta yanayotoka hupungua na umeme unaoliwa na pampu huongezeka. Dai jedwali la mtengenezaji, na muuzaji asipokuwa nalo, nenda kwa mwingine. Mwenye tabo azingatie kwamba regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) iliyounganishwa na manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini) hupandisha presha sawasawa na tabo: baa 3 za msingi na baa 1 ya tabo ni baa 4, na pampu isiyofika hapo huifanya injini ikose mafuta wakati inapoyahitaji kuliko wakati wowote, hadi pistoni itoboke. Onyo la pili ni kwamba pampu kubwa kupita kiasi nayo ina madhara, kwa kuwa bomba jembamba la kurudisha mafuta hushindwa kuyapitisha, presha ikapanda juu ya ile uliyoiweka, na petroli inayozungushwa bure hupata joto.

4. Funga rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na fyuzi, waya mnene kutoka betri, na uiache kompyuta ya injini iizime pampu injini inapozimika. Gari likipinduka pampu ikiendelea kusukuma, ni moto.

5. Tumia hozi za SAE J30R9 na klipu za injeksheni. Hozi za J30R7 ni za kabureta.

6. Pampu ya nje ikae karibu na tangi na chini ya usawa wa mafuta, kwa kuwa inajua kusukuma, si kuvuta. Weka filta ya mikroni 100 kabla yake na ya mikroni 10 baada yake.

7. Safisha tangi.

MASWALI

Swali: Mkuu, nina Land Cruiser, ninunue pampu gani?
Jibu: Hatua ya 1 na ya 2, kisha urudi na namba.

Swali: Fundi wangu anasema pampu ya 255 inatosha gari lolote. Kwa nini unatuchosha na hesabu?
Jibu: Kutosha sikukatai. Muulize fundi wako bomba la kurudisha litakuwa na upana gani, kwa kuwa injini ya farasi 100 itairudisha sehemu kubwa ya mafuta hayo tangini.

Swali: Shikamoo mwalimu. Betri inasoma volti 13.9 injini ikiwaka, lakini kwenye pampu ninapata 12.1. Pia tangi likibaki robo, gari hukatika kwenye kona. Je, mambo haya yanahusiana?
Jibu: Marahaba, na hongera kwa kupimia kwenye pampu yenyewe. Ni matatizo mawili. Pima upotevu upande wa chanya na upande wa ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) kila mmoja peke yake. Kwa gari la zamani mimi huanza na ethi yenye kutu. Kuhusu kona, kabureta ilikuwa na kibakuli chake cha akiba kilichoficha upungufu wa sekunde chache, ilhali injeksheni haina. Funga kitangi cha akiba cha lita moja au mbili kabla ya pampu kubwa, na pampu yako ya zamani ya kamshafti yaweza kubaki kazini ikikijaza.

Swali: Pampu ya mtumba ya Corolla je?
Jibu: Nyingi zilitengenezwa kwa mfumo wa takriban baa 3, kwa hiyo kwa seti ya baa 4 ipime kwanza. Isitoshe, ile hupozwa na petroli inayoizunguka, basi usiifunge nje ya tangi, na usizoee kutembea na tangi tupu.

Swali: Nitajuaje kama bomba langu la kurudisha ni jembamba?
Jibu: Washa pampu injini ikiwa imezimwa, mafuta yote yakirudi tangini, ukiangalia geji. Regyuleta ikilegezwa kabisa na presha ikakataa kushuka hadi kiwango chako, badilisha bomba.